Maneno Yanayojitazama

Mshororo huu una mizani kumi na sita. Msomaji aliyezoea mashairi ya pwani, akizihesabu silabi zake kwa vidole kama washairi wafanyavyo, atakuta nane katika ukwapi na nane katika utao, na mapumziko ya katikati yameangukia mahali pake hasa. Na kabla hajamaliza kuhesabu atakuwa amekwisha kutabasamu. Hakusimuliwa kisa chochote, hakuna mtu aliyedhihakiwa, wala hakutajwa jambo la ajabu lililotukia sokoni au barazani. Maneno yamejitaja yenyewe tu, yamejisemea kweli, na ushahidi wa kweli hiyo ulikuwa mbele ya macho yake tangu silabi ya kwanza. Mtu akiibadili sita kuwa tano, hesabu ya mizani haitaharibika, kwa kuwa maneno hayo mawili yana silabi sawa. Lakini mshororo utakuwa umegeuka mwongo, nao utachekesha kwa namna nyingine kabisa.

Furaha ndogo ya namna hii ndiyo kadhia ninayokusudia kuichambua. Mzaha unaojirejelea, yaani mzaha ambao maneno yake yanajizungumzia yenyewe, au ambao msemaji wake anajikuta ndani ya hukumu aliyoitoa, una umri mkubwa kama elimu ya mantiki. Lakini katika zama zetu umepata makao mapya na mapana katika mazungumzo ya mtandaoni, ambako watu wasiopata kuonana hutaniana, hushindana na husahihishana kwa maandishi usiku na mchana. Wako wanaouhesabu kuwa ni upuuzi wa wasio na kazi, na wako wanaouinua kuwa kilele cha werevu. Naona makundi yote mawili yameutazama upande wa juu tu. Mahali ambapo kila mtu amejikalisha katika kiti cha kadhi, mzaha huu ni miongoni mwa njia chache za kumrudisha kadhi chini ya sheria yake mwenyewe. Fadhila yake kubwa, kwa hiyo, ni insafu kuliko werevu, na ubaya wake huanza pale insafu hiyo inapotoka.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: mtu kujicheka, na maneno kujirejelea. Abu Uthman al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki katika karne ya 9, aliitwa kwa lakabu hiyo kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza nje. Inasimuliwa kwamba alikuwa akieleza mwenyewe jinsi mwanamke mmoja alivyomwongoza hadi duka la sonara, akamwambia sonara, “Kama huyu,” kisha akaenda zake. Na al-Jahiz alipouliza maana ya maneno yale, sonara akamjibu kwamba bibi yule alikuwa ametaka pete iliyochorwa sura ya shetani, naye alikuwa amemweleza kwamba hajapata kumwona shetani hata siku moja. Huyo ni mtu anayejicheka: sura yake ndiyo kichekesho, na maneno yamefanya kazi ya kukisafirisha. Katika mzaha unaojirejelea chombo chenyewe ndicho kinachogeuka shehena. Hata hivyo mizaha hiyo miwili ina nasaba moja, maana al-Jahiz angaliweza kukisimulia kisa kile juu ya mtu mwingine mwenye sura mbaya, akakataa. Na maneno yanayojirejelea nayo yanakataa kumtafuta wa kuchekwa pembeni ilhali yenyewe yapo.

Kwa wanafalsafa kujirejelea kulianza kama balaa. Eubulides wa Mileto, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa swali la mtu asemaye kwamba analosema sasa ni uwongo: ikiwa ni kweli, basi ni uwongo, na ikiwa ni uwongo, basi ni kweli. Kabla yake aliishi Epimenides wa Krete, ambaye inasimuliwa kwamba alisema kuwa Wakrete ni waongo siku zote, naye ni Mkrete. Habari hiyo imo katika Waraka wa Paulo kwa Tito, sura ya kwanza, na jambo la kupendeza ni kwamba mwandishi wa waraka, baada ya kuutaja usemi wa Mkrete huyo, anaongeza kwamba ushuhuda huo ni wa kweli, pasipo kuonyesha dalili yoyote kwamba amekiona kitanzi kilichomo. Mwenye kusoma kwa makini atang’amua pia kwamba kitanzi cha Epimenides hakikukazwa sawa na cha Eubulides, kwa sababu Epimenides anaweza kuwa amedanganya tu, maadamu yupo Mkrete mmoja mahali fulani aliyewahi kusema kweli. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo itenganishayo mzaha wa kawaida na mzaha usio na mlango wa kutokea.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakulipita swali hilo. Nasir al-Din al-Tusi, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili kwa urefu, akachunguza kama usemi unaweza kujihukumu wenyewe kuwa kweli au uwongo pasipo kuwapo habari nyingine ya kuhukumiwa. Na Sa’d al-Din al-Taftazani, aliyefariki mwaka 1390, alilipa jina lililodumu miongoni mwa wanafunzi wa mantiki, akaliita al-jadhr al-asamm, yaani shina kiziwi, jina ambalo wanahisabati walikuwa wakiliita shina la hesabu lisilokubali kutolewa kwa namba kamili. Huliulizi likakujibu: ndivyo walivyoliona. Wakati wanazuoni wakihangaika, wasimulizi walikuwa wakifurahi. Miguel de Cervantes, katika sehemu ya pili ya Don Quixote iliyotoka mwaka 1615, anamweka Sancho Panza kuwa liwali, akaletewa kesi ya daraja lenye sheria kwamba kila avukaye aape aendako na anachokwenda kufanya: akisema kweli apite, akisema uwongo anyongwe. Akaja mtu akaapa kwamba amekuja kunyongwa katika mti ule ule wa kunyongea. Wakimnyonga, alisema kweli na alistahili kupita. Wakimpitisha, alisema uwongo na alistahili kunyongwa. Sancho, ambaye hakusoma chuo chochote, alihukumu kwamba maadamu hoja za pande mbili zimelingana, na aachiliwe, kwa kuwa kutenda wema ni bora kuliko kutenda ubaya.

Hukumu hiyo inastahili kukaliwa kitako. Sheria ya daraja ilikuwa imetungwa na mtu aliyedhani kwamba maneno ya wasafiri yako upande mmoja na mti wa kunyongea uko upande wa pili, wala hakukumbuka kuwa msafiri anaweza kuuingiza mti huo katika maneno yake. Kicheko tunachokipata hapo kinamwangukia mtunga sheria, na msafiri anatoka salama. Cervantes alijua anachofanya, kwa maana katika sehemu hiyo hiyo ya pili watu wanaokutana na Don Quixote wamekwisha kuisoma sehemu ya kwanza iliyochapwa mwaka 1605, na shujaa analazimika kuishi mbele ya wasomaji wake mwenyewe. Kitabu kimejifanya kuwa tukio katika habari zake, na kwa njia hiyo kinampokonya msomaji raha ya kudhani kwamba yeye peke yake ndiye atazamaye.

Karne ya 20 ilikikaza kitanzi zaidi. Bertrand Russell, mwaka 1901, alikuta kwamba ukifikiri juu ya kundi la makundi yote yasiyojihesabu ndani yake, huwezi kusema kama kundi hilo limo ndani yake au halimo. Akamwandikia Gottlob Frege mwezi wa Juni 1902, wakati juzuu ya pili ya kazi kubwa ya Frege ilipokuwa mikononi mwa wachapaji, na Frege akakiri kuwa msingi wa jengo lake umetikisika. Alfred Tarski, katika tasnifu yake ya mwaka 1933, alitafuta salama kwa kutenga ngazi: lugha inayozungumzia vitu iwe ngazi ya chini, na lugha inayozungumzia lugha hiyo iwe ngazi ya juu, wala zisichanganyike. Mpango huo unatufaa kuliko alivyodhamiria, kwa sababu unatueleza siri ya kicheko chenyewe. Mtu anayesikiliza maneno husimama akilini katika ngazi moja, akiangalia kinachosemwa. Ghafla maneno yanaigeukia ngazi aliyosimama, na anatambua kuwa anasoma jambo ambalo linatendeka katika kusoma kwake. Mtaalamu wa mantiki huziba mlango huo kwa hofu. Mcheshi huufungua kwa makusudi, akijua kwamba hatari yake ni ndogo na faida yake ni kuamka kwa akili.

Nikiipanga mizaha ya namna hii naona aina tatu kubwa. Ya kwanza ni maneno yanayotenda yanachosema. “Sentensi hii ina maneno matano” ni mfano mwepesi, na mtu yeyote anaweza kuuhakiki. Mfano mzito ni kazi ya Lee Sallows, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Nijmegen, Uholanzi, ambaye mwaka 1983 aliunda mashine mahususi ya kutafuta sentensi ya Kiingereza inayotoa hesabu ya kila herufi iliyomo ndani yake. Ugumu wa kazi hiyo hauonekani mpaka mtu aijaribu: ukisahihisha namba moja, tahajia ya namba hiyo inabadilika, herufi nyingine zinaongezeka au kupungua, na namba zote ulizokwisha kuzisawazisha zinaharibika tena. Furaha ya kuiona sentensi kama hiyo imetimia ni furaha ya kumwona mtu ametoa hesabu ya mali yake yote, senti kwa senti, na hesabu ikakubali. Douglas Hofstadter aliiandikia aina hii safu katika gazeti la Scientific American mwezi Januari 1981, na wasomaji walimletea sentensi zao kwa wingi hata akalazimika kuandika safu ya pili mwaka uliofuata. Majibizano yale ya posta yalikuwa tayari yana sura ya mazungumzo tunayoyaona leo mtandaoni.

Aina ya pili ni maneno yanayotenda kinyume cha yanachosema. William Safire, mwandishi wa safu ya lugha katika New York Times, alieneza mwaka 1979 orodha ya kanuni za uandishi ambazo kila moja inajivunja yenyewe. Kiswahili kinaukubali mchezo huo kwa urahisi, na ngeli zake zinaupa ladha ambayo Kiingereza hakina. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni: “Kila vivumishi lazima ipatane na ngeli yake.” Au: “Maneno yasiyo na haja, lazima, wala sababu yaepukwe, yaachwe na yaondolewe.” Au: “Usiikatishe sentensi kabla ya ku”. Mwanafunzi anayeziona anacheka, kisha anajisahihishia mwenyewe, akasema kwamba kivumishi ni kimoja, kwa hiyo kila kivumishi lazima kipatane. Kanuni na kosa vimemfikia kwa pumzi moja, mshtakiwa na hati ya mashtaka vikiwa ni kitu kimoja, na hakuna mwanafunzi mwenzake aliyeaibishwa ili somo lieleweke. Kwa wanaofundisha lugha hiyo si faida ndogo.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni sheria inayomkamata aliyeitunga. Kisa cha Juha na punda kinaibeba kwa ukamilifu. Juha alipanda punda mmoja akawaswaga wengine, akahesabu akapata tisa. Akashuka akahesabu akapata kumi. Akapanda tena, tisa. Mpaka akaamua kwamba ni heri aende kwa miguu asipoteze punda. Punda aliyepotea ni yule aliyemkalia. Kila mtu anayetoa hukumu juu ya watu wote yumo katika hatari ya hesabu hiyo, na mizaha ya aina hii humsaidia kujihesabu. Hofstadter, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliweka sheria inayosema kwamba kazi huchukua muda mrefu kuliko ulivyokadiria, hata kama katika makadirio yako umeizingatia sheria hiyo hiyo. John Bangsund wa Australia, mwaka 1992, aliwaandikia wahariri wenziwe sheria kwamba mtu akiandika kukosoa uhariri wa mwingine, maandishi yake ya kukosoa yatakuwa na kosa la namna ile ile. Na sheria hiyo akaipa jina la Muphry, jina la Murphy lililokosewa tahajia kwa makusudi, ili sheria ianze kutekelezwa katika kutajwa kwake.

Si haki kudhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Fasihi ya Kiswahili ina mazoea ya kale ya kujitazama, ijapokuwa aghalabu iliyatumia kwa heshima kuliko kwa mzaha. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wa wasia aliomtungia binti yake mwaka 1858, anaanza kwa kumwita binti akaribie na kuchukua wino na karatasi. Utendi unaamrisha kuandikwa kwake, na msomaji anayeushika mkononi anajua kuwa amri hiyo ilitiiwa. Tenzi nyingi humalizika kwa kutaja mtungaji wake na idadi ya beti zake, kama hati inayojishuhudia. Katika majibizano ya mashairi, toka zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, mshairi alijibu kwa kuyazungumzia mashairi ya mwenziwe ndani ya shairi lililopimwa kwa mizani ile ile, na kwa hiyo yeyote aliyemlaumu mwenzake kwa vina vibovu alikuwa amejiwekea dhamana ya vina vyake mwenyewe. Huo ni uwanja wa insafu: mkosoaji anapimwa kwa ratili aliyoileta.

Uwanja huo ndio uliohamia mtandaoni, na sababu za kuhamia kwake zinaonekana. Mazungumzo ya ana kwa ana hupotea pindi yanapotamkwa, bali maandishi hubaki mbele ya macho, na kinachobaki mbele ya macho kinaweza kuonyeshwa kidole, hata na maandishi yenyewe. Fauka ya hayo, maandishi hayana uso. Mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, watu walikuwa wakijadiliana kwa kompyuta juu ya mambo ya fizikia ndani ya lifti inayoanguka, na mmoja akatoa kwa mzaha tahadhari kwamba lifti ya chuo imechafuliwa na zebaki, wengine wakaisadiki. Tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza kwamba anayefanya mzaha aweke alama tatu, nukta pacha, kistari na mabano ya kufunga, ambazo mtu akiinamisha kichwa huona uso unaocheka. Alama ile haikuongeza chochote katika habari iliyosemwa. Ilikuwa ni usemi juu ya usemi, maandishi yanayotangaza namna yanavyotaka kusomwa. Mizaha mingi ya mtandaoni iliyokuja baadaye imesimama juu ya haja hiyo ya maandishi kujieleza kwa kuwa msemaji wake haonekani.

Sababu nyingine ni kwamba waliotangulia kukaa mtandaoni walikuwa waandishi wa programu, watu ambao kujirejelea kwao ni zana ya kazi, maana programu inayojiita yenyewe kulitatua tatizo kubwa kwa kulipasua vipande vidogo ni jambo la kila siku. Richard Stallman, alipotangaza mradi wake wa programu huru tarehe 27 Septemba 1983, aliuita GNU, kifupisho ambacho herufi yake ya kwanza inasimamia GNU yenyewe, na maana yake nzima ni kwamba GNU siyo Unix. Anayetaka kukifumbua kifupisho hicho mpaka mwisho hataufikia. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika faharasa ya toleo la pili la kitabu chao cha lugha ya C, mwaka 1988, waliorodhesha kurasa zinazoeleza programu kujiita yenyewe, na wa mwisho katika orodha ni ukurasa 269, ambao ni ukurasa wa faharasa uliobeba orodha hiyo. Msomaji anayetii faharasa atajikuta amerejeshwa pale pale alipo, na hapo amekwisha kufundishwa maana ya neno kwa kulitenda.

Lakini kati ya mizaha yote ya mtandaoni, ule uliofanya kazi kubwa kuliko mingine ni sheria iliyotolewa na mwanasheria Mmarekani Mike Godwin mwaka 1990, kwamba kadiri mjadala unavyorefuka ndivyo uwezekano wa mtu kumfananisha mwenziwe na Hitler au Wanazi unavyokaribia kuwa yakini. Godwin aliona watu wakiutumia ukatili ule mkubwa kama tusi jepesi katika ugomvi mdogo, akachukia, akaona dawa ni kuufanya mjadala ujione. Baada ya sheria hiyo kuenea, anayetaka kutoa mfano huo alijua kwamba wote wanausubiri, na wengi wakauzuia mkono. Hapa mzaha umefanya kazi ambayo mahubiri hayakuiweza, kwa kuwa umeyaambia mazungumzo tabia yao yakiwa bado yanaendelea.

Wasemaji wa Kiswahili nao wana mzaha wao, ambao sijapata kuona mwingine unaodhihirisha vizuri zaidi hoja yangu. Husemwa kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Akiusema mtu wa Unguja kwa kuwacheka wengine, ni dharau, na tena ni dharau isiyojua tarehe, maana Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa na Mwana Kupona aliishi katika visiwa vya Lamu, ambavyo vimo Kenya. Lakini maneno hayo hayo akiyasema mtu wa Lubumbashi au Bukavu, akataja kwa sauti yake kwamba Kiswahili kimezikwa kwao, kuna jambo linalogeuka papo hapo, kwa sababu anayetangaza mazishi anayatangaza kwa lugha ya marehemu, na waliomsikia wameelewa na kucheka. Usemi umejibatilisha kwa kutamkwa. Nchini Kongo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini burhani iliyo wazi kuliko hizo ni mdomo wa msimulizi. Maneno ni yale yale, ila msemaji aliye nje ya hukumu anaumiza, na msemaji aliyemo ndani yake anaponya.

Kwa kuwa fadhila ya mzaha huu ni kumweka msemaji ndani, maradhi yake nayo yanatokana na kuigiza kuwamo pasipo kuwamo. La kwanza ni la mtu anayetanguliza lawama ili asilaumiwe. Anaandika kwamba anajua maneno yake ni ya kijinga, kisha anayaandika, na anayemjibu anaambiwa kuwa mwenyewe alikwisha kukiri. Mtu huyo amejishtaki, amejihukumu na amejiachilia huru kwa sentensi moja, na wenziwe hawakupewa nafasi ya kusema. La pili ni la mduara mtupu: mzaha juu ya mzaha juu ya mzaha, kila tabaka jembamba kuliko lililotangulia, mpaka kunabaki kundi la watu wanaocheka kwa sababu wanajua wapi pa kuchekea, na mgeni anayeingia haoni kilichosemwa. La tatu ni la sheria ya mzaha kugeuzwa rungu. Sheria ya Godwin yenyewe ilifikia hapo, watu wakawa wanaitaja ili kumnyamazisha yeyote aliyezungumzia ufashisti, hata alipokuwa na haki ya kuuzungumzia. Na mwezi Agosti 2017, Wanazi mamboleo walipoandamana Charlottesville, Godwin alitokea hadharani akasema watu wawafananishe hao na Wanazi bila kusita. Alifanya ambalo mtunga sheria ya daraja hakulifanya: aliiangalia sheria yake ikitumika, akaona inapokosea, akasimama mbele yake.

Kutokana na hayo yote napendekeza mzaha unaojirejelea upimwe kwa maswali matatu. Je, ukiondolewa kule kujitaja kwake, unabaki na jambo la kusema juu ya lugha, au kazi, au tabia ya watu? Sheria za Muphry na za Godwin zinabaki na jambo. Mduara mtupu haubaki nalo. Je, msemaji ameingia kweli katika hukumu, akiwa tayari kupokea matokeo yake, au amejipaka alama ya mshtakiwa ili asikamatwe? Na baada ya kicheko, je, mazungumzo yanaweza kuendelea, na aliyekuwa kimya akapata ujasiri wa kusema? Mzaha unaofuzu maswali hayo ni adabu ya majadiliano, na una haki ya kuheshimiwa na walimu, wahariri na wote wanaosimamia mijadala ya watu wengi.

Jambo hili ni la haraka kwetu, kwa sababu Kiswahili sasa kinaandikwa kila siku na watu wa nchi nyingi wasiokuwa na lahaja moja wala shule moja, na mjadala kati yao huharibika mara nyingi pale mmoja anapomrukia mwingine kwa kosa la ngeli au tahajia kabla ya kuijibu hoja yake. Aliyejifunza kucheka na kanuni inayojivunja yenyewe atayasoma maneno yake mara ya pili kabla ya kuyakosoa ya mwenziwe, na akikuta kosa lake humo, atalisahihisha, kisha ataijibu hoja. Nataka kuona waandishi wetu wakiwa na tabia hiyo, wa Mombasa na wa Kisangani, wa Unguja na wa Kampala. Na naamini kwamba wakiwa nayo, watasahihishana zaidi ya sasa na watagombana kidogo kuliko sasa.